Njahi ya Mtu Mmoja

Mizani ya kupimia majani chai ina kulabu. Mchumaji anatundika gunia lake, karani anasoma, gunia linateremshwa. Kule Kangari, ambako kempu yetu ya mbio ilikuwa, sisi wasichana pia tulitundikwa. Jumamosi, wachumaji wakimaliza, Kocha Ndegwa alimwomba karani wa kituo atuachie mizani kidogo, nasi tukapanga foleni na nguo zetu za mazoezi. Unashika kulabu kwa mikono miwili, unakunja magoti, unaning'inia. Kocha anasoma kwa sauti ili wote wasikie.

Wamama waliokuwa wakisubiri lori la kiwanda walitutazama kama sinema.

"Karani, hiyo andika ni majani ama ni mabua?"

"Huyo wa mwisho mtoe viatu, hakuna kitu itabaki!"

Tulicheka pamoja nao. Nataka niseme hivyo mwanzoni kabisa nisije nikamwonea mtu: tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Hakuna aliyenishika kwa nguvu akanitundika pale.

Jina langu ni Nyambura, kwetu ni Giakanja. Shule niliacha kidato cha pili nikaingia kwa mbio, kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichosifiwa. Kuandika vitu virefu sijui. Nina tabia tu ya kuandika siku ilivyokwenda, mistari michache, na mara nyingi nikisoma kesho yake naona nimekosea, mambo hayakuwa vile. Kwa hivyo nikichanganya mnisamehe. Ninaandika hii kwa sababu Muthoni ameniomba. Muthoni ni msichana wa Mwea tuliyekuwa tukilala chumba kimoja kempuni, na bado yuko huko. Juzi alinipigia simu.

"Nyambura, kuna watoto wapya hapa. Wanashinda njaa na wanaringa nayo. Wakiniuliza mimi sina maneno. Wewe uliona mwisho wake. Andika, nitawasomea."

Mwisho wake sikuuona, namshukuru Mungu. Nilifika mlangoni tu.

Na kitu kingine: kilo zangu sitaziandika. Kuna nesi nitakayemtaja mbele aliyenikataza. Alisema msichana akisoma hiyo namba ataichukua kama rekodi ya kuvunja. Nilitaka kubisha, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo.

Kocha Ndegwa hakuwahi kuniambia nisile. Hilo ni kweli na ninataka libaki kweli. Baada ya mizani ya kwanza aliniambia, "Spidi iko, roho iko, lakini mlimani unabeba mzigo. Punguza kidogo." Kidogo. Hilo neno nimelifikiria sana. Yeye alilipima kwake na mimi nikalipima kwangu. Enzi zake yeye mwenyewe alikimbia akiwa na njaa, akashinda, na akaamini njaa ndiyo iliyomshindisha. Hakuwa na mtu wa kumwambia vingine.

Na ukweli wa pili, ambao sipendi kuuandika lakini watoto wa kempu wataujua hata nikiuficha: nilipopunguza, nilianza kushinda. Kama ningeshindwa tangu mwanzo ningeacha mapema. Msimu ule wa mvua za vuli nilipanda vile vilima vya chai kama mtu anayevutwa na kamba. Wachumaji walisimama na vikapu mgongoni wakanipigia makofi. Mtu angeniambia vipi kwamba ninaumwa?

Kisha ikafika Januari. Kanisa letu hufunga na kuomba mwanzo wa mwaka. Watu hukaa bila chakula mchana wote, jioni wanafungua kwa uji. Nilimpigia Mama nikamwambia nami nimefunga huko Kangari. Alifurahi mpaka sauti ikakatika.

"Basi tutafunga pamoja, mami. Wewe huko, mimi hapa. Tuiombee miguu yako."

Mfungo wa kanisa uliisha. Wangu haukuisha. Kempuni mtu akiuliza mbona sahani yako imekaa, nilimwambia nimefunga. Kwetu ukisema umefunga, watu wananyamaza. Nani atamlazimisha mtu aliyefunga kula? Ni kama kusimama katikati yake na Mungu. Hata Kocha alikuwa akiinamisha kichwa kidogo. Sijui wagonjwa wa mahali pengine hujificha wapi. Mimi nilijificha hapo, na hapakuwa na mtu wa kuthubutu kunitoa.

Labda Muthoni. Yeye aliniangalia siku moja nikifunga kamba za viatu huku nimeegemea ukuta nisianguke.

"Wewe, huyo Mungu wako hachoki kukusikia? Hata Yesu alimaliza akakula."

"Na wewe mbona huli?"

"Mimi sidanganyi kwa jina la Mungu. Mimi naogopa tu ile kulabu." Kisha akacheka vibaya. "Kwetu Mwea mchele uko mpaka kwa nyusi. Nikienda nyumbani Mama akiupika, nauangalia kama ni kokoto."

Sasa niseme juu ya mwili, kwa sababu watu hufikiri kukonda ni kukonda tu. Baridi ya Kangari iliniingia ikakaa. Nilivaa sweta mbili jua likiwaka. Nywele zilibaki kwenye kitana, halafu mikononi yakaota manyoya laini kama ya kifaranga, nikavaa mikono mirefu ili yasionekane. Kukaa kwenye kiti cha mbao kuliniuma. Hedhi ilikuja kidogo, ikaja tone, ikaacha. Na hofu ikaanza. Sikuwa na hofu namna hiyo hapo awali. Harufu ya chapati kutoka kwa hoteli ya sokoni ilinifanya moyo uruke kama nimekutana na mbwa. Niliogopa chakula. Halafu nikisimama ghafla na macho yakiingia giza, niliogopa kwamba nitakufa kwa kukosa chakula. Hofu mbili, moja kila upande, na mimi nimebanwa katikati nikitabasamu.

Pasaka nilienda nyumbani. Mvua ndefu ilikuwa imeanza, ile ambayo sisi Wakikuyu tunaiita mvua ya njahi. Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Tunayaheshimu kwa sababu ndiyo chakula cha mwanamke anayebeba mimba au aliyejifungua. Yanapikwa mpaka yanalainika, yanapondwa na ndizi, na wamama wanakuletea huku wanaimba.

Nyumba yetu ni ndogo na Mama huona kila kitu. Aliniona nimetapika asubuhi, kwa sababu tumbo langu siku hizo lilikuwa limesahau kazi yake. Aliona nimevaa sweta kubwa. Aliona siku zangu zimepita bila mimi kuomba pedi. Hakuniuliza. Alivaa buti akapanda kwa Cucu, nyanya yangu mzaa baba, ambaye nimepewa jina lake.

Jioni Cucu aliingia na sufuria imefunikwa kwa kitambaa. Cucu hajui Kiswahili, kwa hivyo maneno yake hapa ni mimi nimeyageuza, pengine vibaya.

"Nyambura mwenzangu," alisema, "mimi sigombani. Nilishazeeka, kugomba nimewaachia wengine. Kula. Mko wawili."

Alifunua. Njahi imepondwa, inatoa moshi, imejaa mpaka mdomoni. Nilielewa polepole. Mama amesimama mlangoni, ameshika khanga mdomoni. Baba yuko nje anajifanya anatengeneza mfereji.

Nilipaswa kuwaambia kwamba sina mimba. Nilisema. Lakini nilisema huku nimerudi nyuma mpaka ukutani, natetemeka, nimeitazama ile sufuria kama ina nyoka ndani, na nani ataamini msichana anayesema hana mimba huku anatetemeka hivyo? Wao waliona aibu. Kumbe nilichoogopa ni ile sufuria. Asubuhi na mapema nilichukua begi nikapanda gari kurudi Kangari bila kumuaga mtu, na hapo wakaamini kabisa.

Kwa sababu nina jina la mama yake, Baba huniita Maitu, yaani mama yangu. Ni mtu mpole. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa ng'ombe. Siku hiyo alimpigia Kocha simu, na Kocha alikuwa nasi uwanjani, simu ikiwa na sauti kubwa.

"Ndegwa. Nilikupa mama yangu umtunze. Umemfanya nini?"

Kocha alisimama akawa rangi ya majivu. Wasichana wote waliacha kunyoosha miguu. Naandika hii kwa herufi zilizonyooka ili asije akachafuliwa na hadithi yangu: huyo mwanaume hakunigusa, hakuwahi kunisemesha vibaya, wala mimi wala mwingine ninayemjua. Nilimwambia Baba hivyo hapo hapo nikilia. Lakini Baba alisema anataka kusikia kutoka kwa daktari.

Basi tulienda kwenye zahanati. Kocha alikataa kuingia, alikaa nje kwenye jiwe, anazungusha kofia mkononi. Nilipimwa. Nesi wa pale akatoka na mimi akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Hana mimba huyu."

Kocha alifunika uso kwa kofia. Mabega yakacheza. Halafu akampigia Baba, na nikasikia Baba akipumua, na nyuma yake Mama akianza wimbo wa kusifu. Cucu naye akaitwa apewe habari. Siku hiyo kila mtu niliyempenda alimshukuru Mungu kwamba tumbo langu lilikuwa tupu.

Hapo ndipo ninapotaka watoto wa kempu wasimame kidogo, Muthoni, usiwasomee haraka. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Kama si mimba, ni nini? Baba hakuuliza. Mama alikuwa mzazi aliyeondolewa aibu, nani angemlaumu? Kocha alisema kwa wakimbiaji wa kike kukosa siku ni kawaida, ni mwili umeiva kwa mbio, na naamini aliambiwa hivyo na waliomtangulia. Nesi aliulizwa kitu kimoja akajibu kimoja. Na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kutouliza, kwa sababu niliogopa jibu. Kile kipimo kikawa kama cheti. Niko sawa. Nimepimwa.

Tena baada ya hapo walinionea huruma, kwa kunisingizia. Hakuna aliyenigusia habari ya sahani.

Mchujo wa mbio ulikuwa Nyeri, Julai, ule msimu wa ukungu ambapo jua halitoki na unaweza kufikiri mlima ulihamishwa. Nyonga ilikuwa ikiniuma wiki kadhaa, nikasema ni misuli. Kwenye raundi ya mwisho niliwapita wawili. Halafu ndani ya nyonga kitu kikalia, kama kijiti kikavu cha mti wa muwati unapokivunja kwa goti. Sikusikia maumivu mara moja. Niliona tu nyasi zimekuja karibu na uso.

Kocha ndiye aliyefika wa kwanza. Alinipakia mgongoni akakimbia nami kuelekea barabarani. Kwa miezi mingi nilitaka mtu huyo aseme neno moja juu yangu, na hapo alilisema, shingo yake ikiwa karibu na sikio langu.

"Haki huyu mtoto ni mwepesi."

Hakusema kama anayesifu.

Hospitalini tuliwekwa kwenye benchi kusubiri picha ya mfupa. Kocha alikunja koti lake akaniwekea nikalie. Mama alifika na gambuti za shambani, zina udongo. Kulikuwa na mama mzee kando yetu, amekuja na mguu wake mwenyewe umevimba, akafungua karatasi akatoa nduma ya kuchemsha, akaivunja vipande viwili. Alininyooshea kimoja.

"Shika, msichana. Hapa watu huzeeka wakingoja."

Kukataa chakula cha mzee ni tusi. Nilikishika. Nilikishika mpaka kikapoa, kikawa kigumu, jasho la mkono limekilowesha. Yule mzee alinitazama usoni, kisha polepole akanyoosha mkono akakichukua tena, akakila yeye, akanipiga piga goti. Sijawahi kumwona tena. Nilimwona mara moja tu lakini ni yeye ninayemwota.

Mfupa ulikuwa na ufa. Hilo sikuogopa, mifupa huunga. Hofu ilikuja na nesi mwembamba mwenye miwani, Nesi Wairimu, aliponishika mkono kupima mapigo.

"Wewe ni mkimbiaji?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana moyo uko pole pole hivi." Akaandika. Akaenda hatua chache, akasimama. Akarudi. Akanishika tena, safari hii akiangalia saa yake bila kupepesa. Hakurudia lile neno. Akamwita daktari, na namna alivyomwita, bila kukimbia lakini bila kugeuza macho kutoka kwangu, ndiyo iliyonitisha.

Walinibandika waya kifuani. Daktari alikuwa kijana, macho yamechoka. Aliuliza mara ya mwisho kuona hedhi ni lini. Sikukumbuka. Mama akanijibia, kwa haraka, kama anayenitetea:

"Hiyo tulishapima, daktari. Hakukuwa na kitu."

Daktari alimwangalia kwa muda.

"Ndiyo, mama. Hakuna kitu. Hakuna chakula hata kidogo. Moyo ni nyama pia, na mwili ukikosa unakula hata huo."

Mama aliketi. Aliangalia mikono yangu, na sweta ilikuwa imepanda, na akaona yale manyoya. Aliyapapasa kwa kidole kimoja. Nilingoja anipige kofi. Ningependa anipige.

"Tulifunga pamoja," alisema. "Mimi jioni nilikuwa nafungua. Wewe hukufungua."

Hilo ndilo neno lililoniuma kuliko mfupa.

Wodini nilijifunza hofu nyingine ambayo sikujua iko duniani. Daktari alisema hata chakula chenyewe, kikija kwa haraka, kinaweza kusimamisha moyo uliokauka. Kwa hivyo nilipewa kidogo, kikombe kidogo cha maziwa, halafu damu inapimwa, halafu kikombe kingine. Mama hakuelewa. Alikuja na chakula kwenye chombo cha kuhifadhi moto, mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, na mchuzi wa kuku, amechinja kuku wake wa mayai, na Nesi Wairimu akamzuia mlangoni.

"Ni mtoto wangu!" Mama alipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Alikuwa hali mkasema ale, sasa nimeleta chakula mnasema asile?"

"Mama, ukimpa hiyo yote leo utamzika nayo. Nipe wiki. Kuku wako atakuja kuliwa, nakuahidi."

Mama alikaa kwenye ngazi za nje akala ile mukimo peke yake, analia, kwa sababu hakuweza kuirudisha nyumbani. Aliniambia mwenyewe baadaye. Nami kitandani, aibu ikiwa hii: nilifurahi kwamba imerudishwa. Nilikuwa karibu kufa na bado kuna sehemu yangu ilishangilia. Hapo ndipo nilijua kwamba huu ni ugonjwa. Nilikuwa nimedhani ni bidii.

Nesi Wairimu alikuwa na njia yake. Alileta kikombe, akavuta kiti, akakaa akinipa mgongo, akaangalia dirishani.

"Mimi sikuangalii. Niko hapa tu. Ukimaliza useme."

"Na nisipomaliza?"

"Nitazidi kuangalia hii miti. Ni miti mizuri."

Mara nyingine kilikuwa kikombe cha maziwa tu na kilichukua muda mrefu mpaka anaitwa kwingine, na hakwenda. Sijui jinsi ya kuwaeleza wasichana wazima. Kila tone lilikuwa kama kuruka mto ukiwa umefurika. Nilimeza nikiwa nimefumba macho.

Kocha alikuja siku ya kutembelewa. Alisimama miguuni pa kitanda, hakuketi.

"Nyambura, mimi sikukwambia usile."

"Ndiyo, Kocha. Hukuniambia."

Akageuza kofia mkononi. "Lakini pia sikukwambia ule."

Sina la kuongeza hapo. Muthoni ananiambia siku hizi ile mizani inapima majani chai tu. Lakini anasema pia wasichana sasa wanapimana wao kwa wao, kwa kushikana vifundo vya mkono. Kwa hivyo si kulabu peke yake.

Nilirudi nyumbani na magongo, Agosti, na huko ndiko vita vilianza, mtu asidhani ukitoka hospitali umepona. Kliniki ilikuwa kila Jumanne, baadaye Jumanne moja moja. Kuna mama wa lishe aliyenipangia milo, na kuna mshauri wa kuongea naye ambaye mwanzoni nilimnyamazia tu. Katikati ya Jumanne na Jumanne kulikuwa na meza yetu. Mama alifuata kila tonge kwa macho kutoka sahani mpaka mdomoni. Nilimpigia kelele. Akanipigia kelele. Baba akabeba sahani yake akaenda kula kwenye zizi la ng'ombe, na kwa muda mrefu alikula huko. Mara mbili nilificha chakula mfukoni, na nimeandika hivi ili anayeficha leo ajue haijaisha kwa sababu ameficha. Jumanne iliyofuata nilimwambia mama wa lishe. Hakushtuka. Alisema, "Vizuri umesema. Tuanze tena na chai ya maziwa."

Mvua za vuli zilipita. Magongo yakawa moja, kisha hakuna. Siku moja Mama alienda nami kliniki akamkuta Nesi Wairimu kwenye korido, wakaongea wawili wao wakiwa wameinamiana. Sikusikia. Lakini jioni hiyo Mama aliniwekea chakula, akavuta kigoda akakaa akinipa mgongo, akaanza kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Nilijua ameelewa. Nilikula nusu. Baba alirudi mezani baada ya siku chache, akasema ng'ombe wamemchoka.

Sasa ni mvua ya njahi tena. Sikimbii bado. Daktari amesema nitembee, na pengine mwaka ujao tutaona, na pengine hatutaona. Naogopa jibu hilo pia. Siwezi kuwadanganya wasichana kwamba hofu imekwisha. Nikipita kituo cha chai natazama upande mwingine wa barabara. Nikisikia nguo imenibana, moyo unaruka ule mruko wa mbwa.

Mwezi huu hedhi imerudi. Nilikuwa shambani na Mama, tunapalilia, nikahisi, nikaenda nyuma ya ndizi nikaangalia, nikarudi nikamwambia. Aliangusha jembe. Alisimama tu kwenye udongo, mvua inamnyeshea, anasema "asante" kwa sauti ndogo na kurudia, sijui kama ni kwangu au juu.

Habari ilimfikia Cucu. Jana alishuka polepole na fimbo, sufuria imefungwa kwa kitambaa kile kile. Alipoiweka mezani nilirudi nyuma, mwili ulirudi wenyewe kabla yangu.

"Cucu, sina mimba," nilisema.

"Najua." Akaketi, akaweka fimbo magotini. "Mara ile nilipika ya watu wawili, nikakosea. Wewe peke yako hukuwa na wa kukupikia. Hii ni ya mtu mmoja."

Alifunua. Ilikuwa kidogo, ya kujaa bakuli, nyeusi, inatoa moshi, ndizi inaonekana kando. Mama alinyanyuka na chai yake akaenda mlangoni akasimama akiangalia mvua. Baba naye akageuza kiti. Cucu peke yake hakugeuka, kwa sababu haoni vizuri siku hizi, alisema, hata nikimwaga hatajua. Nadhani alidanganya.

Niliipakua kwenye bakuli, nikachukua kijiko. Kikagonga meno. Ina utamu wa udongo, njahi, sikuwa nakumbuka. Nilipumzika mara nyingi. Kuna wakati nilikiweka chini nikafikiri imetosha, nimejitahidi, hakuna anayeniangalia. Kisha nikakichukua tena. Chai ya Mama ilipoa mlangoni mkononi mwake.

Cucu alisikia kijiko kikikwangua ndani ya bakuli. Alinyoosha mkono akalichukua, akalipapasa ndani kwa kidole, pande zote, kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Njahi huchelewa kuiva," alisema. "Ya kesho yafaa niiloweke leo. Niloweke?"

Niliogopa. Nataka Muthoni awasomee hata hilo. Niliogopa vile vile kama siku ya kwanza.

"Loweka, Cucu," nikasema.